Habari ya Njia Katika Makorongo

Msafiri wa nchi tambarare akipotea hupoteza wakati. Msafiri wa korongo akipotea aweza kupoteza nafsi yake. Tofauti hii haitokani na ushujaa wa mmoja wala woga wa mwingine, bali hutokana na umbo la mahali. Katika tambarare njia ina pande nyingi, na mtu aliyekosea hugeuka akafuata nyayo zake mwenyewe hata akafika alikotoka. Katika korongo jembamba njia ina pande mbili tu, juu na chini, na aghalabu upande wa juu hufungwa na msafiri mwenyewe. Ameshuka poromoko kwa kamba, kisha ameivuta kamba yake ili imfae katika poromoko la mbele. Tangu saa hiyo hana njia ya kurudi. Lililobaki ni kwenda mbele, na mbele hapaonekani kwa sababu ya kona za mwamba. Kwa mtu wa namna hii habari ya njia si pambo la safari. Ni chombo cha safari, sawa na kamba yenyewe.

Watu wa Marekani na Ulaya wamefanya kushuka makorongo kuwa mchezo, tena kuwa ufundi wenye kanuni zake. Hutembea, huogelea, hujipenyeza katika nyufa ambamo mabega ya mtu hugusa kuta zote mbili, na hushuka kwa kamba mahali ambapo maji huanguka. Ufundi huu umejengwa juu ya habari zilizokusanywa kwa muda wa zaidi ya miaka 150. Nia ya insha hii ni kueleza jinsi habari hizo zilivyotafutwa, zilivyoandikwa na zilivyogawanywa, na kuonyesha jambo moja ambalo historia yake hurudia kutufunza. Habari ya njia ina sehemu mbili. Ya kwanza ni umbo la njia, yaani jiwe: urefu wa poromoko, mahali pa kuingilia, mahali pa kutokea. Ya pili ni hali ya njia, yaani maji na wakati. Sehemu ya kwanza hudumu, nayo ndiyo iliyopendwa na waandishi. Sehemu ya pili hubadilika, nayo ndiyo inayoua.

Makorongo ya Marekani ya magharibi yalikuwa na wenyewe kabla hayajawa na ramani. Wahopi walikuwa na njia yao ya chumvi, iliyoshuka hata karibu na mahali ambapo Colorado Ndogo hukutana na mto Colorado. Safari hiyo ilikuwa ibada, na baadhi ya habari zake hazikuwa za kutangazwa kwa mtu asiyehusika. Wahavasupai waliishi, na wanaishi hata leo, ndani ya korongo kubwa lenyewe. Katika kuta nyingi za nchi ile bado huonekana vishimo vya kukanyagia vilivyochongwa na watu wa kale, kila kimoja kikitosha ncha ya mguu. Vishimo vile ni maandishi ya namna yake: humwambia ajaye kwamba hapa mtu alipita, na kwamba aliyepita alikusudia kurudi.

Katika zama hizo habari ya njia haikutengwa na mtu aliyeijua. Aliyetaka kupita alitafuta kiongozi, na kiongozi alikwenda naye. Watu wa pwani yetu waifahamu desturi hii, maana misafara ya bara ilikuwa na kirongozi, mtu aliyetangulia mbele ya wote akishika bendera. Kirongozi hakuuza maneno akabaki nyumbani. Kama alisema kisima kipo na kisima kilikuwa kimekauka, kiu ilikuwa yake pia. Katika desturi hii mna dhamana kubwa: mwenye habari huidhamini habari yake kwa mwili wake. Tena mna faida ya pili isiyotambuliwa upesi. Kiongozi aliye hai hutazama mbingu ya leo, akabadili shauri lake leo. Habari yake ina sehemu zote mbili, jiwe na maji.

Dhamana hiyo haikulipwa sikuzote kwa heshima inayostahili. Mwezi wa Agosti 1909 kundi la wasomi na wapimaji liliongozwa katika makorongo ya mpaka wa Utah na Arizona hata likafika penye daraja la mwamba liitwalo Rainbow Bridge. Walioongoza walikuwa Wapaiute wawili, Nasja Begay na Jim Mike. Wakuu wawili wa kundi lile, Byron Cummings na William Douglass, wakaingia katika ubishi juu ya nani aliyetangulia kuliona daraja. Ubishi ule ulisahau jambo lililo wazi, kwamba mtu hawezi kuwa wa kwanza kufika mahali alikopelekwa na mwenyeji.

Sasa tuitazame habari iliyotengwa na mtu wake. Tarehe 24 Mei 1869 Meja John Wesley Powell, aliyepoteza mkono mmoja katika vita vya Shiloh mwaka 1862, aliondoka katika kituo cha Green River, Wyoming, na watu 9 katika mashua 4. Walikusudia kufuata mto hata uingie Colorado na kupita katika makorongo ambayo ramani za wakati ule ziliyaacha tupu. Siku chache baada ya kuondoka, katika korongo jekundu lenye maji makali, waliona maandishi juu ya jiwe. Yalikuwa jina la Ashley na mwaka. Tarakimu ya tatu ya mwaka ilikuwa imefifia, na watu wa Powell hawakupatana jinsi ya kuusoma: wengine walisema 1835, wengine 1855. Leo twajua kuwa aliyeandika alikuwa wa msafara wa William Ashley, mfanya biashara ya ngozi za wanyama, aliyepita pale mwaka 1825.

Ni vema msomaji alifikirie jiwe lile. Lilikuwa habari ya njia, tena ya kweli: mtu alifika hapa kwa maji, naye alikuwa hai bado. Lakini halikusema alifikaje, wala baada ya hapo yaliyompata, na tarehe yake ilikuwa haisomeki. Powell alipata faraja kidogo na mashaka mengi. Hata jiwe lenyewe halikudumu mahali pake pa kuonwa, maana bwawa la Flaming Gorge lilipojengwa katika miaka ya 1960 maji yaliyafunika maporomoko yale yaliyokuwa na jina la Ashley.

Siku za mwisho za safari ya Powell zaonyesha jinsi uzito wa habari unavyoweza kugawanya watu. Mwishoni mwa Agosti, chakula kikiwa kidogo na mashua zimebaki tatu, walifika penye mkondo wa kutisha. Usiku Powell alichukua vipimo vya nyota akakadiria umbali uliobaki hata mlango wa mto Virgin, ambako palijulikana kuwa na makazi ya watu karibu. Wengine waliyaamini makadirio yake. Watatu, ndugu wawili Oramel na Seneca Howland pamoja na William Dunn, hawakuyaamini, au waliona kuwa hata yakiwa ya kweli hayakusema lolote juu ya mikondo iliyo katikati. Tarehe 28 Agosti waliaga wakapanda juu kwa miguu. Kumbukumbu za safari zilikuwa zimeandikwa nakala mbili. Zikagawanywa, ili kundi moja likipotea jingine lifike na habari. Waliobaki waliupita mkondo siku ile ile, na tarehe 30 Agosti walifika mlango wa Virgin. Wale watatu hawakuonekana tena. Powell alijua umbali wa njia lakini hakujua hali yake, na mashaka ya wenzake yalikuwa juu ya hilo la pili.

Mwaka 1875 Powell alitoa kitabu chake cha safari, kikasomwa sana. Kina uzuri wa maneno na ukweli wa mambo mengi, lakini kina kasoro ambayo wanahistoria wameieleza mara kwa mara: matukio ya safari yake ya pili, ya 1871 na 1872, yamesimuliwa kana kwamba yalitokea 1869, na watu wa safari ya pili hawakutajwa. Kwa msomaji wa burudani kosa hilo ni dogo. Kwa mtu atakayeingia mtoni si dogo, maana mto wa mwaka huu si mto wa mwaka ule, na maji ya miaka miwili yakichanganywa katika ukurasa mmoja hupatikana mto ambao haujapata kuwapo.

Afrika ya Mashariki ina mfano wake wa habari zilizochanganywa. Mwaka 1856 ilichapishwa ramani ya bara iliyotungwa na wamisionari Johann Rebmann na Jakob Erhardt kwa habari walizokusanya kwa watu wa misafara waliowakuta pwani. Ramani hiyo ilionyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya nchi. Wasimulizi hawakusema uongo. Kila mmoja alieleza maji aliyoyafikia kwa njia yake, mmoja Nyasa, mwingine Tanganyika, mwingine Nyanza. Wachora ramani wakayaunganisha maziwa matatu kuwa moja. Ilipasa kuandika kila habari pamoja na njia yake na msemaji wake. Palipofutwa jina la msemaji, ukweli wa watu watatu ukawa kosa moja.

Ulaya ilipata mwandishi wa makorongo mwenye tabia ya upimaji. Édouard-Alfred Martel, Mfaransa, alikuwa amekwisha jipatia jina kwa kushuka mashimo na mapango, likiwamo shimo la Padirac mwaka 1889. Mwezi wa Agosti 1905 aliingia katika korongo la Verdon, kusini ya Ufaransa, katika kazi ya uchunguzi wa maji. Safari ilichukua siku chache za taabu kubwa, na mashua zilivunjwavunjwa na mawe. Pamoja naye alikuwamo Isidore Blanc, mwalimu wa shule wa kijiji cha Rougon kilicho juu ya korongo. Jina la mwalimu huyu halikupotea, na hilo ni sifa ya habari ile: msomaji ajua nani aliyepima na nani aliyekuwa mwenyeji. Mwaka uliofuata Martel aliichapisha habari ya safari yake, na korongo lililokuwa la wavuvi na wakata miti likawa mali ya wasomaji wa nchi nzima. Lakini Verdon ya Martel haipo tena kwa ukamilifu wake. Mabwawa ya umeme yalijengwa juu ya korongo katikati ya karne ya 20, na tangu hapo kiasi cha maji hutegemea pia mkono wa mtu afunguaye mlango wa bwawa. Kuta ni zile zile. Mto ni mwingine.

Katika Marekani aliyefanya kazi kubwa kupita wote ya kukusanya habari za miguu katika Grand Canyon alikuwa mwalimu wa hesabu. Harvey Butchart alizaliwa Uchina mwaka 1907, mtoto wa wamisionari, akafika Flagstaff, Arizona, mwaka 1945 kufundisha katika chuo. Kwa muda wa miaka zaidi ya 40 alitembea katika korongo lile kiasi cha maili 12,000, akatumia ndani yake siku zaidi ya 1,000. Kila aliporudi aliandika: alipita wapi, alichukua saa ngapi, maji aliyapata wapi, wapi alikwama. Kurasa za kumbukumbu zake zilizidi 1,000. Watu walimwandikia kumwuliza, naye aliwajibu. Colin Fletcher, aliyetembea mwaka 1963 kwa urefu wa hifadhi ya taifa kama ilivyokuwa wakati ule, alipata kwake shauri la njia.

Butchart aliweka saa na tarehe kwa desturi ya mtu wa hesabu, wala hakuona haya kuandika aliposhindwa. Kushindwa kulikoandikwa vema ni habari yenye thamani sawa na kufaulu, maana humwambia ajaye mahali pa kugeuka. Tena alijua bei ya maji. Mwaka 1955 mwanafunzi aliyefuatana naye alikufa maji katika mto Colorado uliokuwa umejaa. Mwaka 1970 alipotoa kitabu chake cha kwanza cha njia kilikuwa kidogo, na maneno yake yalikuwa machache. Wasomaji wengine walinung'unika kwa uchache huo. Huenda hawakufikiri kwamba mtu aliyeandika kurasa elfu hakupungukiwa na la kusema. Maneno machache humwachia msomaji kazi ya kutazama kwa macho yake.

Wakati Butchart akiandika, nchi ya makorongo jirani ilikuwa ikizama. Mwaka 1963 milango ya bwawa la Glen Canyon ilifungwa, na maji ya ziwa lililopewa jina la Powell yakaanza kupanda. Yalijaa kwa mara ya kwanza mwaka 1980. Makorongo ya kando yaliyokuwa yamesifiwa na wasafiri wa mashua yakawa chini ya maji, na kila habari ya njia zake ikawa habari ya marehemu. Lakini ukame ulioanza mwaka 2000 uliyashusha maji, na mwaka 2005 ukumbi wa mwamba uitwao Cathedral in the Desert, uliokuwa umezamishwa, ulionekana tena. Makorongo mengine yakafuata. Waliorudi na maandishi ya kale mkononi walikuta mchanga na tope mahali pa mwamba, na maji mahali pa mchanga. Habari ilifufuka pamoja na njia, lakini ilifufuka ikiwa na umri.

Mfano huu ni mkubwa, lakini mabadiliko madogo ya namna hiyo hutokea kila mwaka katika kila korongo. Mafuriko huchukua mchanga uliokuwa chini ya poromoko, na lililokuwa futi 10 likawa futi 18. Gogo lililokuwa daraja huondoka. Ukanda wa nailoni uliofungwa jiweni ili kushikia kamba huungua kwa jua hata ukaonekana mzima nao ni dhaifu. La hatari kupita yote ni visima vya mwamba, mashimo yaliyochimbwa na maji katika sakafu ya korongo, yenye kuta laini kama bakuli. Kisima kikijaa, mtu huogelea akatoka upande wa pili bila taabu. Kikipungua maji nusu, ukingo huwa juu ya kichwa chake, na mwogeleaji asiye na mwenzi wa kumwinua hana pa kushika. Mwandishi aliyepita baada ya mvua ataandika kwa haki kwamba hapa huogelewa. Atakayesoma maneno hayo wakati wa kiangazi huenda akafa kwa sentensi iliyokuwa ya kweli.

Tangu miaka ya 1980 vitabu vya njia viliongezeka. Michael Kelsey alichapisha mwaka 1986 kitabu chake cha makorongo ya uwanda wa Colorado, chenye ramani nyingi, na wasomaji walijifunza upesi kwamba saa zilizoandikwa humo ni saa za mtu mwepesi wa miguu. Baadaye chama cha washuka makorongo cha Marekani kilitunga alama za kupimia ugumu. Tarakimu ya 1 hata 4 huonyesha kazi ya miguu na kamba. Herufi A, B na C huonyesha maji, kuanzia korongo kavu au lenye maji kidogo, kupitia maji yaliyotulia, hata maji yenye nguvu ya mkondo. Na tarakimu za Kirumi huonyesha muda. Wafaransa nao wana kipimo chao, kinachotenga ugumu wa kushuka na ugumu wa maji. Vipimo hivi ni kazi njema, na sifa yake kubwa ni kuyapa maji mahali pake. Hata hivyo herufi iliyochapishwa haipandi wala haishuki pamoja na mvua. Korongo lililopewa B mwezi wa Septemba laweza kuwa C kwa saa moja, na kitabu kikabaki kusema B.

Hapo ndipo ulipotokea ubishi ambao haujaisha: je, habari ya njia itangazwe kwa wote? Wanaokataa wana hoja zenye nguvu. Korongo lililotajwa hujaa watu. Kamba zao huchimba mifereji katika mwamba laini wa mchanga, na mahali pa kale pa wenyeji huguswa na mikono isiyojua heshima. Tena, wasema, mtu aliyeitafuta njia kwa miaka amejifunza njiani mambo yatakayomwokoa; aliyepewa njia kwa dakika moja amepata ufunguo bila malezi. Wanaokubali nao wana hoja. Siri, wasema, humfanya asiyejua aingie vivyo hivyo bila kujua. Haimzuii, humnyima tu onyo. Tena mlima na korongo la umma si urithi wa marafiki wachache wanaonong'onezana.

Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimeyaangalia mambo kwa wingi wa habari, hali tatizo li katika namna yake. Ipo habari ambayo mwenyewe ana haki ya kuinyamaza, kama ile ya ibada ya Wahopi, na haki hiyo iheshimiwe. Lakini panapostahili kusemwa, kusema nusu ni hatari kuliko kunyamaza. Asiyejua njia huogopa, na woga wake humlinda. Aliyepewa umbo la njia bila hali yake hujiona anajua, naye huingia kwa moyo mkunjufu.

Historia ya misiba ya karibu yatuhukumia jambo hili. Mwezi wa Julai 1993, katika korongo la Kolob Creek huko Zion, viongozi wawili wa kundi la vijana walikufa maji. Kijito kile hutegemea bwawa lililo juu yake, na maji yaliyofunguliwa kutoka bwawani yalikuwa yakipita kwa nguvu. Tarehe 12 Agosti 1997 watalii 11 walikufa katika Antelope Canyon, Arizona, kwa mafuriko yaliyotokana na mvua iliyonyesha maili kadhaa mbali nao. Tarehe 27 Julai 1999 watu 21 walikufa katika kijito cha Saxetbach, Uswisi, na watatu miongoni mwao walikuwa viongozi wa njia. Tarehe 14 Septemba 2015 watu 7 walikufa katika Keyhole, korongo fupi la Zion lisilohesabiwa kuwa gumu. Walikuwa na kibali, njia yake ilikuwa ikijulikana sana, na asubuhi ile walikuwa wameonywa juu ya uwezekano wa mafuriko.

Tuyapime mauti haya pamoja. Hapana hata mahali pamoja ambapo watu walikufa kwa kutojua njia ilipo. Njia zilijulikana, nyingine zilikuwa mashuhuri. Wala hatuwezi kusema kuwa kitabu ndicho kilichokosa na kiongozi aliye hai angaliwaokoa, maana Antelope na Saxetbach palikuwa na viongozi. Kiongozi hushinda kitabu pale tu anapoitumia faida yake ya kutazama mbingu ya leo na kusema, leo hatuingii. Akiacha kusema hivyo, kwa haraka au kwa haya au kwa ajili ya nauli iliyokwisha lipwa, amekuwa kitabu chenye miguu.

Wala mambo haya si ya nchi za mbali tu. Karibu na Naivasha, Kenya, liko korongo la Njorowa katika hifadhi ya Hell's Gate iliyoanzishwa mwaka 1984. Kuta zake nyembamba zilichongwa na maji yaliyotoka katika ziwa la kale, na wageni wamepata kushuka humo kwa miguu. Mwezi wa Aprili 2012 vijana 7 wa kundi la kanisa moja la Nairobi walichukuliwa humo na mafuriko wakafa. Tarehe 1 Septemba 2019 watu wengine 7 walikufa kwa namna ile ile, akiwamo kiongozi wao mwenyeji. Mafuriko ya korongo la namna hiyo huletwa na mvua ya mahali pengine. Aliye chini aweza kuwa katika jua. Wahenga walisema maji usiyoyafika huyajui wingi wake. Korongo hutuongezea kwamba hata maji uliyoyafika jana, leo huyajui.

Kwa hiyo mtu atakaye kugawa habari ya njia na atimize mambo manne. Ataje jina la aliyepita, ili habari iwe na mdhamini, kama kirongozi alivyokuwa mdhamini wa maneno yake. Ataje siku, mwezi na mwaka, ili asiache jiwe la Ashley lisilosomeka. Ataje maji kama alivyoyakuta, kina chake na nguvu zake, na mvua zilizotangulia. Tena aseme maji hutoka wapi, na kama juu kuna bwawa, nani hulifungua. Mwisho ataje mahali pa kugeuka, yaani mahali pa mwisho ambapo mtu aweza kurudi kabla kamba haijavutwa. Mambo manne haya hayajazi hata nusu ya ukurasa, na kwa sababu ni machache hayana udhuru.

Naye apokeaye habari ana wajibu wake. Asiichukue kama mali aliyopewa, bali kama amana aliyokopeshwa. Akiingia na akatoka salama, yampasa aandike chini ya maneno ya aliyemtangulia yale aliyoyakuta yeye, siku yake na maji yake, yakipatana au yasipatane. Akifika mlangoni mwa korongo akaona wingu juu ya milima ya mbali, na akageuka, aliandike hilo pia.